Kilima Kilichomwagwa na Tanuru: Terili la Lubumbashi

Wenye mashamba makubwa wa Uingereza katika karne ya 18 walizoea kujenga juu ya vilima vyao minara isiyo na kazi, iliyokusudiwa kutazamwa tu. Lubumbashi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliokaa juu ya uwanda, kinyume chake ulipata kilima ambacho hakuna aliyekikusudia, nacho kikawa alama yake. Kilima hicho, terili, ni lundo jeusi la mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa ili kutolewa shaba. Historia yake ilianza mwaka 1911, pale Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilipowasha tanuru lake karibu na Mto Lubumbashi, mwaka mmoja baada ya reli ya kutoka Rhodesia kufika.

Kwa miongo mingi mabaki yalimwagwa hapo, kando ya bomba refu la moshi ambalo wenyeji huliita mumbunda, na wafanyakazi walioandikwa Kasai, Rhodesia na Ruanda-Urundi, ambao waliishi katika kambi za kampuni na ambao, walipogoma Desemba 1941 wakidai mishahara, walipigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni katika uwanja wa mpira. Kilima hiki ni chao kabla ya kuwa cha mtu mwingine yeyote.

Moshi nao uliacha kumbukumbu yake. Kwa kuwa upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, gesi ya salfa na vumbi la metali vilielekea kaskazini-magharibi, ambako miombo, yaani msitu wa asili wa Katanga, ilikufa na udongo ukabaki uchi, hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakajaribu kupanda katika mtaa wa Penga Penga nyasi zinazostahimili shaba.

Hata hivyo, tanuru la zamani halikuweza kutoa kila kilichomo katika mawe, na ndani ya terili zilibaki kobalti, zinki na jerimaniamu, metali inayotumika katika nyaya za mawasiliano za kioo na katika vifaa vya kuonea gizani. Gécamines, shirika la taifa lililorithi mali ya Union Minière nchini Kongo baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, lilianza na wabia wake kuyayeyusha upya mabaki hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kobalti ikapelekwa Kokkola, Finland, kusafishwa. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines, STL, iliingia mkataba wa jerimaniamu na Umicore ya Ubelgiji, ambayo hadi mwaka 2001 ilikuwa bado ikiitwa Union Minière.