Stesheni za Sagana na Nanyuki: Malango ya reli kwa Embu na Meru

Miji ya Embu na Meru haijawahi kufikiwa na garimoshi. Stesheni iliyo jirani na Embu ni Sagana, katika Kaunti ya Kirinyaga. Wa Meru hutazama Nanyuki, reli inakoishia.

Njia hiyo ilianzia Nairobi hadi Thika mwaka 1913, ikiitwa tramu ingawa ilikuwa reli hasa, kisha ikasukumwa kaskazini kuyafuata mashamba ya walowezi. Waafrika wa Embu na Meru waliporuhusiwa kukuza kahawa miaka ya 1930, reli ilikuwa imekwisha kupita upande wa pili wa Mlima Kenya. Zao lao likaachiwa malori.

Treni ya abiria ya Nanyuki ilirejea Desemba 2020, baada ya ukarabati. Kutoka Embu, safari yake huanza kwa matatu.