Trekta dogo na kebini: pima haya kabla ya kumpa fundi kazi

Matrekta mengi madogo, yenye nguvu za farasi 20 hadi 50, huuzwa bila kebini. Dereva hukaa juani, na nyuma ya kiti husimama fremu ya chuma yenye umbo la goli la mpira. Baada ya msimu mmoja wa jua, mvua na vumbi, mwenye trekta huanza kufikiria kuongeza kebini. Je, fedha hiyo itakuwa imetumika vizuri? Jibu linategemea unataka kujikinga na nini.

Jua na mvua
Kwa hili, paa linatosha. Paa la plastiki ngumu au bati jepesi hugharimu kidogo, halizuii upepo, na dereva anaona pande zote.

Vumbi na dawa
Hapa kebini ina faida, lakini iwe imezibwa vizuri na hewa ipite kwenye chujio. Kebini yenye mianya hukusanya vumbi ndani. Kwa upuliziaji wa dawa, chujio la kawaida la vumbi halizuii mvuke wa sumu. Bado utahitaji barakoa, glovu na nguo za kujikinga.

Joto na uzito
Kebini nyingi za kuongezea zilibuniwa kwa nchi za baridi, ambako trekta dogo husukuma theluji. Ukiipeleka kebini ya vioo Kilombero bila kiyoyozi, dereva atakaa ndani ya oveni, maana joto la injini na gia nalo hupanda kupitia sakafuni. Kiyoyozi nacho huendeshwa na injini. Kwenye trekta la farasi 25 linalolima udongo mzito, utaona nguvu imepungua na mafuta yameongezeka.

Kebini ya chuma na vioo huweza kuzidi kilo 200, na uzito huo unakaa juu. Kwenye mteremko trekta hupinduka kwa urahisi zaidi, na kwenye jaruba la mpunga huzama zaidi.

Fremu isikatwe
Hili ndilo la kuzingatia kuliko yote. Ile fremu nyuma ya kiti imewekwa ili trekta likipinduka, dereva abaki na nafasi ya kuishi. Sweden ilianza kulazimisha kinga ya aina hii kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua sana.

Baadhi ya mafundi huikata fremu ili kebini ienee. Usikubali. Mabomba na bati zilizochomelewa mtaani zinaweza kuonekana imara, lakini hazijapimwa kubeba uzito wa trekta lililopinduka. Kutoboa au kuchomelea fremu pia huidhoofisha. Ikipinda, ibadilishwe, isinyooshwe.

Fremu ikiwa imesimama, funga mkanda. Kama umeilaza ili kupita chini ya miembe, usifunge mkanda, na ukitoka hapo isimamishe tena.

Muulize fundi au muuzaji
• Je, kebini hii imetengenezwa kwa modeli ya trekta langu?
• Je, fremu ya kinga itabaki kama ilivyo?
• Je, dereva anaweza kutokea upande mwingine mlango mmoja ukiziba?
• Je, kelele ndani itakuwaje? Bati lisilo na sponji huvuma kama ngoma.
• Je, nitaona jembe na tela nyuma bila shida?

Kama majibu hayaridhishi, nunua paa, kofia, miwani na vizibo vya masikio. Fedha itakayobaki tengenezea breki na tairi. Kama unapulizia dawa kila wiki au unakodisha trekta mchana kutwa kwenye vumbi, tafuta kebini ya kiwandani iliyothibitishwa kuhimili kupinduka, au subiri ununue trekta linalokuja nayo.