Duara, Hilali na Safu: Historia ya Ukuta wa Sebule

Katika somo moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu maelezo mafupi, yaliyoandikwa kwa Kifaransa, juu ya sebule ya nyumba ya Kimarekani. Sebule hiyo ilikuwa na meko ya zege yaliyojengwa ukutani, na kando yake kabati la vitabu na televisheni ambalo lilikuwa sehemu ya ukuta huo huo. Mwanafunzi mmoja aliandika "jiko la saruji". Mwenzake akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwani watu hawa hupika sebuleni?" Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Hata hivyo swali lile halikustahili kuchekwa. Lilituonyesha kwamba tulikuwa tumewapa wanafunzi maneno bila ya kuwapa historia yake. Wahenga walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Vivyo hivyo maana ya kamusi peke yake haiivishi tafsiri.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mwanafunzi yule. Tunakusudia kueleza jinsi moto ulivyohama kutoka katikati ya nyumba ukaenda ukutani, jinsi ukuta huo ulivyopata rafu na makabati yasiyohamishika, na jinsi televisheni ilivyokuja kushindana na moto. Dai letu ni moja tu: kila hatua ilibadili mkao wa watu, na mkao wa watu ukibadilika, mazungumzo yao nayo hubadilika.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno meko ni wingi wa jiko, na hutumika pia kwa mahali penyewe pa kuwashia moto. Jiko kwa Mswahili si chombo cha kupikia tu. Mtu aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Katika Kilatini, neno "focus" lilikuwa na maana ya meko. Kutokana na neno hilo Wafaransa walipata "feu", yaani moto, na "foyer", lenye maana ya meko na pia ya kaya. Sisi wa nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji twalijua neno hilo la pili vizuri, kwani wazee wetu wanazikumbuka "foyer social", zile nyumba za mafunzo ambamo wanawake wa Kongo na Ruanda-Urundi walifundishwa ushoni, upishi na utunzaji wa nyumba. Mwaka 1604 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alilichukua neno lile la Kilatini akaliita kwalo mahali ambapo miali ya mwanga hukutana. Hivyo basi mahali panapokusanya miali paliitwa kwa jina la mahali panapokusanya watu.

Ama kuhusu saruji na zege, yafaa tuwatenganishie wanafunzi wetu. Saruji ni ule unga. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, ambao humiminwa katika kalibu na kuachwa ugande. Saruji inayotumika duniani leo ina asili yake katika ile ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824. Meko tunayoyazungumzia hapa ni ya zege, si ya saruji tupu.

Sasa turejee kwenye moto. Moto wa mafiga matatu huketiwa pande zote. Anayekoleza kuni, anayesimulia hadithi na mtoto anayesinzia, wote huonana uso kwa uso. Huu ndio mkao wa duara. Ulaya nayo ilikuwa na duara lake. Katika Enzi za Kati moto uliwashwa katikati ya ukumbi, na moshi ukatafuta njia yake kupitia tundu la paa. Bwana wa nyumba na watumishi wake waliota moto mmoja, na wote walikohoa kwa moshi mmoja.

Kuanzia karne ya 12 dohani zilianza kujengwa katika ngome na nyumba za wakuu, na kufikia karne ya 16 zilikuwa zimeenea hata katika nyumba nyingi za watu wa kawaida nchini Uingereza. Dohani, kama jina lake la asili ya Kiarabu linavyodokeza, ni njia ya moshi. Lakini dohani iliutaka moto usogee ukutani, na moto uliposogea, nusu ya duara ilipotea. Watu wakakaa mkao wa hilali, ncha zake mbili zikielekea motoni. Kwa mara ya kwanza chumba kikapata upande wa mbele. Tena joto jingi likapotea kupitia dohani. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana zaidi kwa cheo cha Count Rumford, alieleza jinsi ya kulipunguza tatizo hilo: meko yawe na kina kifupi, kuta zake za pembeni zitanuke kuelekea chumbani ili zirudishe joto, na koo la dohani lifanywe jembamba.

Hata baada ya njia nyingine za kupasha nyumba joto kupatikana, watu hawakuyaacha meko. Hapa ndipo tunapomkuta msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1959. Kwa Wright meko yalikuwa moyo wa nyumba. Kati ya mwaka 1919 na 1921 alijengewa kazi yake iitwayo Hollyhock House, mjini Los Angeles, kwa ajili ya tajiri mpenda tamthilia, Aline Barnsdall. Sebuleni mle mna meko makubwa, na juu yake pana nakshi za mistari na maumbo zilizotengenezwa kwa zege la kumiminwa kalibuni. Mbele ya meko pana kidimbwi cha maji, na juu kuna dirisha la paa liingizalo mwanga wa mbingu. Makochi makubwa yaliyoungana na meza zake yalisanifiwa mahususi yaelekee hapo. Moto, maji, ardhi na anga vikakutanishwa mahali pamoja. Los Angeles si mji wa baridi kali. Meko yale yaliwekwa zaidi kwa ajili ya macho na moyo kuliko kwa ajili ya mwili.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika nyumba nyingine ya Wright, ndogo na ya bei nafuu, aliyomjengea mwandishi wa magazeti Herbert Jacobs mjini Madison, jimbo la Wisconsin, ambako majira ya baridi huwa makali kweli kweli. Nyumba hiyo ilimalizika mwaka 1937 kwa gharama ya dola 5,500, pamoja na ujira wa msanifu wa dola 450. Chini ya sakafu ya zege Wright alipitisha mabomba ya kupasha joto, hata nyumba nzima ikapata joto kutoka miguuni. Meko hayakuhitajika tena. Lakini Wright aliyajenga vile vile, kwa matofali, katikati ya nyumba, jikoni kukiwa nyuma yake. Rafu za vitabu na meza ya chakula zikafanywa sehemu ya jengo. Hollyhock House na nyumba ya Jacobs zote mbili ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019.

Fikra ya ukuta wenye kubeba vyombo haikuanzia Marekani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mafundi walijenga safu za zidaka katika ukuta wa chumba cha ndani, wakazipamba kwa nakshi za chokaa, na humo vikawekwa vyombo vya kaure. Mtunzi wa Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate, mojawapo ya dalili alizozitaja ni madaka ya vyombo yaliyogeuka kuwa makazi ya ndege. Mwalimu anayetafuta neno la Kiswahili la rafu iliyojengwa ndani ya ukuta asihangaike kubuni: kidaka kipo, na shubaka lipo.

Huko Marekani, fikra hiyo ilipata umbo jipya mwaka 1945. George Nelson na Henry Wright, wasanifu na waandishi wa kitabu kiitwacho Tomorrow's House, walipendekeza kwamba ukuta unaotenga vyumba viwili unenepeshwe kufikia kiasi cha futi moja, kisha nafasi hiyo ijazwe rafu na makabati. Jarida la Life liliutangaza ukuta huo mwezi Januari mwaka ule ule. Vitabu, michezo ya watoto na redio vyote vilipata mahali. Huyu ndiye babu wa kabati la televisheni la leo.

Redio ilikuwa imekwisha kuingia sebuleni kwa jina la moto. Tarehe 12 Machi 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwahutubia Wamarekani kwa redio juu ya msukosuko wa mabenki, na hotuba zake za namna hiyo zikaja kuitwa mazungumzo ya kando ya meko. Redio haikuharibu hilali, kwa sababu sikio halihitaji kugeuka. Mtu aliweza kusikiliza huku akimtazama mwenziwe. Televisheni, kinyume chake, hudai jicho. Mwaka 1950 kaya 9 hivi katika kila 100 za Marekani zilikuwa na televisheni. Mwaka 1960 zilifikia kiasi cha 87. Katika muda wa miaka kumi tu viti vya taifa zima viligeuzwa. Hilali ikanyoshwa ikawa safu, na watu wakakaa bega kwa bega kama abiria wa gari moshi.

Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1966, kituo cha televisheni cha WPIX cha mjini New York kilionyesha kwa muda wa saa tatu picha ya kuni zikiwaka ndani ya meko, pamoja na muziki. Hapakuwa na hadithi wala msomaji wa habari. Kwa familia nyingi za mji ule zilizoishi katika vyumba visivyo na dohani, chombo kilichochukua nafasi ya moto kilirudisha sura ya moto bila ya joto lake. Watu walipenda, na kipindi hicho kikarudiwa miaka mingi.

Kutokana na historia hii tunaweza kumshauri anayesanifu sebule yenye meko ya zege na kabati la ukutani. Kwanza apange viti, ndipo apange ukuta. Aamue nani atamtazama nani. Pili, akumbuke kwamba zege la kawaida hupasuka likipata moto mkali, kwa hiyo chumba cha moto kivikwe matofali yanayostahimili moto. Tatu, televisheni isitundikwe juu ya meko, kwani joto hudhuru chombo, na shingo za watazamaji huchoka kwa kuinuliwa. Ikae pembeni, ndani ya kabati lenye milango, ili siku ya wageni ifungwe. Kiti huweza kuhamishwa jioni moja. Zege likishaganda, kosa la msanifu hurithiwa na wajukuu.

Walimu wenzetu watauliza: haya yatuhusu nini, sisi ambao wengi wetu hatuna meko sebuleni? Yatuhusu kwa kuwa vitendawili, ngano na methali tunazozifundisha zilikuzwa katika duara, nasi twazifundisha katika safu. Madawati yetu yote hutazama ubao kama makochi yanavyotazama televisheni. Tuliporudisha madaftari ya tafsiri ile, tuliwaomba wanafunzi wasukume madawati pembeni na kuketi kwa kuzungukana. Ndipo tukamjibu aliyeuliza: la, watu wale hawapiki sebuleni, lakini babu zao walipika hapo, na nyumba yao haijasahau. Yeye naye akatueleza jinsi bibi yake alivyokuwa akisimulia ngano jikoni, na jinsi ngano zilivyokoma tangu familia ilipohamia mjini. Mwenzake akamwomba asimulie mojawapo. Akasimulia, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.