Taa za Baiskeli: Pambo na Sheria Huku Ng'ambo za Mombasa



Liko swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa dogo: je, mtu aliyeipamba baiskeli yake kwa vitaa vya rangi amevunja sheria? Vijana husema kwamba baiskeli ni mali yao, na taa wamezinunua kwa jasho lao. Wengine husema kwamba askari akimsimamisha mtu, basi kosa lipo. Lakini swali hili si dogo hata kidogo. Atozwaye faini pasipo haki amenyang'anywa chakula cha watoto wake; na agongwaye gizani kwa kuwa hakuonekana, au kwa kuwa alionekana akadhaniwa kuwa kitu kingine, huacha mjane na mayatima, na vyama vya kusaidiana kama hiki chetu ndivyo vichangavyo fedha za mazishi. Kwa hiyo yafaa tuitazame historia ya jambo lenyewe, tupate kujua amri ya taa ilitoka wapi, na yataka nini hasa.

Wote twajua kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa, na kwamba kazi nyingi tangu zamani zilikuwa kisiwani, khasa baada ya magati ya maji marefu kufunguliwa Kilindini mwaka 1926. Wafanyakazi wengi walikaa ng'ambo: Changamwe, Kisauni na Likoni. Wa Changamwe walipita Makupa. Wa Kisauni walivuka daraja la Nyali, ambalo tangu 1931 lilikuwa daraja la kuelea, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980. Wa Likoni walitegemea kivuko, ambacho feri zake zilianza mwaka 1937. Kwa mtu wa mshahara mdogo, baiskeli ndiyo iliyompeleka kazini kabla ya jua kuchomoza na kumrudisha baada ya jua kuchwa. Nayo ndiyo iliyobeba samaki, maziwa, madafu na mikate.

Katika pwani yetu jua huchwa baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Umeme uliletwa Mombasa na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1908, ambayo mwaka 1922 iliunganishwa na ile ya Nairobi. Lakini huku ng'ambo njia nyingi zilibaki gizani kwa miaka mingi baadaye. Katika njia za namna hiyo taa ya baiskeli haikuwa nyongeza. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa nuru ya pekee barabarani.

Sasa na tuitazame amri yenyewe. Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1888 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya serikali za mitaa, na ndani yake likatamka kwamba baiskeli ni gari kama magari mengine ya barabarani. Kwa kupewa haki ya gari, mwendesha baiskeli alitwishwa na wajibu wake: tangu saa moja baada ya jua kuchwa mpaka saa moja kabla ya kuchomoza, sharti awe na taa mbele. Taa za wakati ule zilikuwa za mafuta. Zikafuata za gesi, ambazo maji yalidondoka juu ya kabaidi. Kisha ikaja dainamo, ambayo huzungushwa na gurudumu lenyewe.

Juu ya taa ya nyuma palikuwa na ubishi mrefu. Chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa Uingereza kilikataa kwamba wanachama wake walazimishwe kuwa nayo. Hoja yao ilikuwa hii: mwenye motakaa ndiye aendaye kwa kasi, basi na atazame mbele yake, si haki mwenye chombo dhaifu abebeshwe lawama ya kugongwa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na sheria ya 1927 ikamruhusu mwendesha baiskeli kutumia kioo chekundu kirudishacho nuru badala ya taa. Mwaka 1934 ikaongezwa kwamba madigadi ya nyuma iwe na sehemu iliyopakwa rangi nyeupe. Ndipo ilipokuja vita ya 1939, taa za miji zikazimwa kwa hofu ya ndege za adui, na taa nyekundu ya nyuma ikawa lazima. Vita ilipokwisha, lazima hiyo haikuondolewa.

Wazee wetu waliopata kuziona baiskeli nyeusi za Kiingereza watakumbuka ule mkia mweupe katika madigadi ya nyuma. Wengi walidhani kwamba ni urembo wa kiwandani. Kumbe haukuwa urembo. Ulikuwa ni sheria ya nchi nyingine iliyosafiri juu ya chombo mpaka kwetu. Hapa twapata funzo la kwanza: kwa kukitazama kitu kwa macho tu, mtu hawezi kujua lipi ni pambo na lipi ni amri. Lazima aulize kinafanya kazi gani.

Katika Kenya, Sheria ya Trafiki, ambayo ni Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Chini ya sheria hiyo na kanuni zake, baiskeli ni chombo cha barabara, na apandaye usiku hana budi kuonyesha nuru nyeupe mbele, na nyuma awe na alama nyekundu. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa Geneva mwaka 1949 yalitaka mambo hayo hayo, pamoja na breki na kengele. Yale ya Vienna ya 1968 yaliendelea kusema kwamba gari lisionyeshe nuru nyekundu upande wa mbele.

Kwa nini iwe nyeupe mbele na nyekundu nyuma, wala si kinyume chake? Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali, kwani bahari imetufundisha. Meli iingiapo Kilindini usiku huonyesha nuru nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Nahodha aonaye nyekundu peke yake ajua anatazama ubavu wa kushoto wa chombo. Aonaye zote mbili ajua kwamba chombo kinamjia. Hakuna neno lililosemwa, wala mbiu iliyopigwa, lakini vyombo vimezungumza. Taa ya njiani nayo ni vivyo hivyo. Nyeupe husema, "Ninakuja." Nyekundu husema, "Naenda mbele yako, usinikaribie." Dereva wa lori ashukaye na barabara kuu kuelekea Changamwe huisoma lugha hiyo kwa nukta moja tu, kisha huamua kukanyaga breki au kupita.

Na mabaharia walikwisha kulijibu swali letu la mapambo zamani sana. Mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1889 uliweka katika kanuni za bahari kwamba, tangu magharibi hata macheo, chombo kisionyeshe taa nyingine yoyote iwezayo kudhaniwa kuwa ni zile zilizoamriwa. Kanuni za 1972, ambazo ndizo zifuatwazo baharini mpaka leo, zimelieleza jambo hilo kwa upana zaidi: taa za ziada zaruhusiwa ikiwa haziwezi kukosewa na zile za sheria, hazifichi nuru yake, wala hazimzuii mlinzi kuona vizuri. Tazameni hekima yake. Haikusemwa kwamba meli isipambwe. Imesemwa kwamba pambo lisiseme uongo.

Tukiipima baiskeli kwa mizani hiyo, mambo mengi huwa wazi. Vitaa vya rangi katika njiti za gurudumu, ikiwa taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma zaonekana barabara, havimdanganyi mtu. Huenda hata vikamsaidia, kwani aliye ubavuni humwona. Lakini atiaye taa nyekundu katika usukani amemwambia dereva ajaye kwamba baiskeli inakwenda, hali inakuja. Atiaye nyeupe nyuma amesema uongo wa pili. Awekaye nuru kali ya kupofusha macho amemnyang'anya mwenziwe kuona. Na rangi ya buluu yenye kumeta, katika nchi nyingi imeachiwa polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa; si jambo la hekima mchukuzi wa mikate kujifananisha nao. Kuhusu taa za kuwaka na kuzima, hata Waingereza waliotunga amri ya kwanza hawakuziruhusu kwa baiskeli mpaka mwaka 2005.

Kuna na jambo la ufundi. Dainamo ya zamani ilitoa nguvu ya wati 3 tu, nazo ziligawanywa baina ya taa ya mbele na ya nyuma. Aliyeunga vitaa vya urembo katika waya huo aliidhoofisha taa yake ya sheria, na pambo likawa limekula chakula cha mlinzi. Vitaa vidogo vya LED, ambavyo rangi yake ya buluu ilipatikana kwa nguvu ya kutosha katika miaka ya 1990 na kuwapa wavumbuzi wake tuzo ya Nobel mwaka 2014, vimeliondoa tatizo hilo, kwani hutumia umeme kidogo mno. Lakini vimeleta jipya: rangi zote sasa ni rahisi, na lugha ya taa yaweza kuvurugwa kwa shilingi chache.

Mtu asidhani kwamba twalaumu kupamba. Mitepe ya mababu zetu ilichorwa macho katika omo, na milango ya Mji wa Kale yashuhudia kwamba mtu wa pwani hapendi kitu kikae uchi. Hata serikali imepata kusitasita katika jambo hili. Kanuni za matatu zilizoanza mwaka 2004, wakati wa Waziri John Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuyaondoa michoro magari hayo. Na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatamka kwamba vijana wasiadhibiwe kwa michoro yao.

Mwisho, mwananchi na ajue haki yake. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 yasema kwamba mtu hatapatikana na hatia kwa tendo ambalo, wakati wa kutendwa, halikuwa kosa kwa sheria. Basi mwanachama akisimamishwa kwa sababu ya pambo, aulize kwa adabu ni kanuni ipi iliyovunjwa. Lakini aulizapo hivyo, taa yake nyeupe iwe inawaka mbele na alama nyekundu iwepo nyuma. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: humkata askari atozaye faini isiyoandikwa, na humkata mpanda baiskeli aliyejaza rangi kumi akakosa zile mbili.

Kwa hiyo twawausia wazee wawaambie vijana wao katika Likoni, Kisauni na Changamwe: tengenezeni kwanza taa ya mbele na ya nyuma, ndipo mpambe. Pambo lililokuja baada ya wajibu halina lawama. Na faini ya bure isilipwe kimya kimya, bali iletwe chamani, ipate kuulizwa mbele ya wakubwa wanaohusika.