Ndege wa Ida

Agosti iliyopita nilikuwa Kibwezi kwa susu. Asubuhi moja nikateremka mtoni kabla jua halijakuwa kali. Ukingoni alisimama ndege wa kahawia, kifua michirizi tupu, shingo ameikunja kama mzee mwenye baridi. Nikajua ni wale korongo wadogo wa kila siku. Akaruka, mabawa meupe pe! Lakini hata hao wa kila siku wakiruka huwa hivyo, kwa hiyo nikamwangalia tena alipotua: mdomo mnene, michirizi mipana na mizito. Huyu alikuwa mgeni kutoka Madagaska.

Kwao, wakati wa kuzaa, huwa mweupe mwili mzima na mdomo wa buluu. Mwezi Mei huanza kuvuka bahari kuja huku, na kufikia Oktoba ameshaanza kurudi. Kumpata Ukambani, kwenye mito ya mchanga, ni bahati tu.

Wanasayansi humwita *Ardeola idae*. Mimi nilidhani Idae ni kijiji. Kumbe ni Ida Pfeiffer, mama wa Vienna aliyengoja watoto wakue, ndipo akaanza kusafiri akiwa amepita miaka 40, akazunguka dunia mara mbili. Mwaka 1857 alikuwa Antananarivo njama ya kumpindua Malkia Ranavalona wa Kwanza ilipofichuka. Wageni wakafukuzwa, wakateremshwa pwani polepole kupitia mabwawa, Ida akiungua homa. Hakupona. Alifariki Vienna mwaka 1858, na mwaka 1860 Gustav Hartlaub wa Bremen akampa ndege jina lake.

Nilimsimulia susu haya yote tukichambua pojo.

“Na huyo Ida alifika hapa?”

“Hapana, susu.”

“Basi ndege amekuwaje wake?”

Nikamkumbuka Krapf, aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849. London walimbishia, lakini angalau alibishiwa. Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyemweleza habari za mlima huo mapema, nani alimuuliza?

Susu anamjua ndege wangu, bana. Ati huja mahindi yakishavunwa, na akitoweka wao huanza kusafisha mashamba kungoja mvua ya Novemba. Hiyo ndiyo kalenda ya vitabuni, ila yeye hajavisoma.

Siku hizi ndege huyu yuko hatarini kutoweka: huko Madagaska mabwawa hugeuzwa mashamba ya mpunga, na mayai huokotwa kwenye viota. Susu anasema zamani alikuwa akiwaona wawili, watatu pamoja. Nimeyaandika hayo daftarini, chini ya tarehe.