Vinasaba vya Migomba ya Karagwe na Kyerwa: Majina Mengi, Ukoo Mmoja

Katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mgomba hutambulishwa kwa jina lake: Enchoncho, Enshakala, Entobe, Embwailuma. Majina hayo ni kumbukumbu ya vizazi vingi vya wakulima walioteua, wakapanda na kutunza. Sayansi ya jenomu, yaani usomaji wa taarifa zote za urithi zilizomo ndani ya kiumbe, imebaini kuwa nyuma ya majina hayo ukoo ni mwembamba.

Migomba ya ndizi za kupika ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, hivyo ni nadra mno kutoa mbegu. Huendelezwa kwa machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Uchunguzi wa vinasaba umeonesha kuwa aina hizo zinakaribiana mno. Tofauti za ladha, rangi na umbo la mkungu zimetokana na mabadiliko madogo yaliyojitokeza shambani, mkulima akayaona na kuyahifadhi. Ndugu wanaofanana kiasi hicho huugua pamoja.

Mnyauko bakteria umelithibitisha jambo hilo. Ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ukabainika Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Jenomu za bakteria hao zilizosomwa na kuchapishwa mwaka 2012 zilionesha matawi makuu mawili: moja lilipatikana Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jingine Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa Karagwe inayopakana na Rwanda, na Kyerwa inayopakana na Rwanda pamoja na Uganda, chipukizi linalovushwa mpakani bila ukaguzi laweza kuleta tawi geni. Bakteria hawaoneshi pasipoti.

Mwaka huohuo wa 2012 jenomu ya mgomba yenye jeni zaidi ya 36,000 ilichapishwa, na kuwarahisishia watafiti kutambua jeni za ukinzani. Kwa upande wa uzalishaji, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ilitoa mwaka 2021 aina chotara za TARIBAN, zilizotokana na ushirikiano wa watafiti wa kanda. Zinahimili sigatoka nyeusi, lakini si tiba ya mnyauko.

Wala jeni pekee hazitoshi. Mgomba pori aina ya Musa balbisiana huukinza mnyauko, ilhali Kainja, yenye sehemu ya urithi huo, hushambuliwa vikali kwa kuwa wadudu hupeleka bakteria kwenye makovu ya ua dume. Kwa hiyo kuondoa ua hilo kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, bado ni kinga ya kwanza.

Aina mpya zinapoenea, za asili huweza kutupwa kimyakimya. Vipimo vya vinasaba husaidia kubaini aina moja iliyopewa majina mawili, ili eneo dogo la hifadhi lisijazwe nakala. Ladha na matumizi, hata hivyo, havisomeki maabara. Hayo yanajulikana na wazee wa kibanja. Mkulima mwenye aina iliyoadimika kwa majirani atoe taarifa kwa Afisa Ugani wa kata kabla ya kuing'oa, na chipukizi lisitolewe kwenye kibanja chenye ugonjwa.