Bakshishi ya Lazima

Kaka yangu husafisha vyumba kwenye meli ya kitalii. Mwaka jana alinipigia simu kutoka bandarini: abiria aliyemwita "rafiki yangu" siku saba nzima alikwenda kaunta usiku wa mwisho, akaomba ada ya huduma ifutwe. Kwenye meli nyingi ada hiyo hukatwa kila siku kwa kila abiria. Inaitwa ya lazima, lakini anayejua njia huiondoa.

Nikawakumbuka watu ninaowasoma kwa ajili ya tasnifu yangu, wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman, Marekani. Kampuni ilianza kuwaajiri miaka ya 1860, wengi wao Weusi waliotoka utumwani. Mshahara ulikuwa mdogo kwa makusudi. Pengo lingezibwa na bakshishi. Abiria waliwaita wote "George", jina la tajiri George Pullman, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Chama chao kilianzishwa 1925 chini ya A. Philip Randolph, kikidai mshahara wa kueleweka badala ya bakshishi. Mkataba ulitiwa saini 1937. Miaka 12!

Kwenye meli, bado mgeni ndiye anayejaza mshahara. Na meli nyingi zimesajiliwa Bahamas au Panama, mbali na sheria za kazi za huko wanakotoka abiria.

Nilimuuliza kaka kama walionana tena na yule abiria.

"Nilimbebea begi hadi kwenye lifti," akasema.